Kusikiliza Kilindini

Nyanya alipofariki aliacha kanda 17. Zilikuwa ndani ya bati la biskuti chini ya kitanda chake, nyumbani Kibokoni, bati lenyewe limefungwa kwa leso kuukuu. Kumi na sita tulizijua: taarabu zilizonunuliwa madukani Mji wa Kale, maulidi, vugo la harusi ya mama mdogo. Ya kumi na saba haikuwa na karatasi wala jina, ila alama ya kalamu nyekundu pembeni. Mjomba aliishika akainyamazia kidogo.

"Hii ni sauti ya mamangu," akasema. "Nilimtia mwenyewe mwaka wa themanini na saba. Nilimwambia anieleze Kilindini ya kale, naye akaeleza mpaka kanda ikesha. Fanya hima, mwanangu. Vitu hivi havikai."

Ukimtajia mtu wa bara Kilindini, atafikiria kreni na makontena. Jina lenyewe latokana na kilindi, maji ya kina kirefu, na meli kubwa zilipapenda kwa sababu hiyo. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, ilianzia upande huo. Lakini kabla ya bandari palikuwa na mji, na mji ulikuwa na wenyewe: Wakilindini, ambao pamoja na Watangana na Wachangamwe ndio Thelatha Taifa. Hao na Tisa Taifa ndio Taifa Kumi na Mbili za Waswahili wa Mombasa. Katika karne ya 19 mji ule ulihamwa, watu wake wakaja kukaa upande huu wa kisiwa, Mji wa Kale. Hayo yameandikwa na wanahistoria. Ambayo hayakuandikwa ni yale aliyoyajua nyanya: kisima kilikuwa wapi, nani alikataa kuhama, makaburi yalifagiliwa siku gani.

Basi nilihitaji kitu kimoja tu, kisanduku cha kuitoa sauti ile kwenye kanda na kuiingiza kwenye kompyuta. Nilikinunua mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikosea. Kosa lenyewe, kumbe, lina historia ndefu kuliko nilivyodhani, na sehemu yake ilitokea hapa hapa Mombasa.

Kwanza nieleze kazi ya kisanduku. Deki ya kanda hutoa umeme mdogo unaopanda na kushuka jinsi sauti inavyopanda na kushuka. Kompyuta haijui umeme wa namna hiyo, inataka namba. Katikati lazima awepo mkalimani anayepima umeme ule mara maelfu kwa kila sekunde na kuandika kila kipimo. Wengine humwita kadi ya sauti, wengine intafesi. Laptopu nyingi zina tundu dogo la maikrofoni, lakini mara nyingi hilo ni la njia moja, lina mvumo wa ndani, na limetengenezwa kwa mazungumzo ya simu za mtandao. Kwa kanda ya pekee duniani halifai.

Laptopu yangu inatumia Linux. Sikuichagua kwa falsafa. Mwaka 2008 mtandao wetu ulikuwa bado wa setilaiti, ghali na wa kusuasua. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009. Lakini kulikuwa na CD za Ubuntu zilizotumwa bure kwa posta hadi popote duniani, nami nikaagiza. Bahasha ilifika, nikaitia CD kwenye kompyuta iliyokuwa imeshindwa na virusi, ikafufuka. Tangu siku hiyo sikurudi nyuma. Baadaye nikajua kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walikuwa wameshatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Hawakuhitaji kumbembeleza mtu, kwa kuwa programu ilikuwa wazi: yeyote aliweza kuifungua, kuisoma ndani na kuweka maneno yake.

Kisanduku changu cha kwanza nilikinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Kizito, cha chuma, cha njia nne, bei ya kutupa. Nilikichomeka, taa ya kijani ikawaka. Nikaandika amri ya kuorodhesha vyombo vya USB, jina la kampuni likatokea. Nikafurahi kama mjinga. Kurekodi sasa: kimya. Kwenye orodha ya vyombo vya sauti hakikuwemo kabisa.

Sababu ilikuwa hii. Kisanduku kile kilizungumza na kompyuta kwa lugha yake ya siri. Aliyeijua ni draiva moja tu, programu ya mkalimani iliyoandikwa na kampuni yenyewe kwa ajili ya Windows na Mac za zamani. Niliwaandikia. Walinijibu kwa adabu kwamba chombo hicho hakihudumiwi tena. Sikuwa peke yangu basi: hata mwenye Windows mpya alikuwa ameachwa nje pamoja nami. Vyuma vyote vilikuwa vizima. Kilichokufa ni mkalimani.

Hapo nikaikumbuka shule ya Allidina Visram.

Aprili 1942 ndege za Japani ziliishambulia Colombo, na Uingereza ikahamishia Kilindini sehemu kubwa ya jeshi lake la majini la Mashariki. Pamoja na meli wakaja watu wa kazi ya siri: wasikilizaji wa redio na wafumbuzi wa misimbo, ambao walikuwa wameshahama kutoka Hong Kong hadi Singapore, na Singapore hadi Colombo. Walipewa shule ile, ambayo hadi leo ina wanafunzi. Wakakaa na redio zao wakinasa ishara za meli za Japani, ambazo kwa umbali ule zilifika dhaifu mno. Herufi walizisikia. Maana hawakuipata.

Msimbo mmoja, walioupa jina JN-40, ulitumiwa na meli za biashara. Ilidhaniwa kuwa umejengwa kama misimbo mingine mikubwa ya Japani, na kwa hivyo ulikuwa umewashinda. Mnamo Septemba ya mwaka huo Wajapani wakafanya kosa: ujumbe mmoja ulitumwa mara mbili kwa ufunguo ule ule, kukiwa na tofauti ndogo tu. Wafumbuzi wawili, John MacInnes na Brian Townend, waliokuwa wametumwa kutoka Uingereza muda mfupi kabla, wakapata pa kushika. Kufikia Novemba walikuwa wakisoma jumbe za zamani zote, na mpya zilipoingia walizifungua siku zile zile. Meli zilizokuwa zimejificha baharini zikawa zimejitaja mahali zilipo. Mwaka uliofuata kikosi kilirudi Colombo, na shule ikarudi kuwa shule.

Naileta habari hii kwa sababu watu wanaoandika draiva za Linux pasipo msaada wa kampuni hufanya kazi iliyo jamaa na ile. Mtu huichukua kompyuta yenye programu rasmi, akabonyeza kitufe kimoja, akaandika namba zote zilizopita kwenye waya wa USB. Anabonyeza tena, tofauti kidogo, anaandika tena. Kisha anaweka nakala mbili sambamba na kuuliza: nini kimebadilika? Geoffrey Bennett alifanya hivyo kwa vyombo vya Scarlett vya kampuni ya Focusrite. Sauti yenyewe ilikuwa ikipita katika Linux, lakini swichi na mikisa ya ndani ziliendeshwa kwa jumbe ambazo nje ya kampuni hazikuelezwa. Akazifumbua moja moja, na kazi yake sasa imo ndani ya Linux, kwa kila mtu.

Mimi si MacInnes wala Bennett. Kisanduku changu hakikuwa na mtu wa kukihurumia, nami nilikuwa na kanda inayozeeka. Kwa hivyo swali likageuka. Badala ya kuuliza nani atafumbua siri ya chombo hiki, nikauliza: ni chombo gani hakina siri?

Jibu la kwanza lilikuwa mkononi mwangu tayari. Kanda ya nyanya ilirekodiwa kwenye redio kaseti ya mjomba, ambayo ilishaharibika na kutupwa zamani. Mbona naweza kuicheza kwenye deki ya kampuni nyingine, ya nchi nyingine, miaka zaidi ya thelathini baadaye? Kwa sababu Philips, walioitoa kaseti mwaka 1963, waliwaruhusu watengenezaji wengine kuitumia bila malipo, mradi wafuate vipimo. Upana wa utepe ni ule ule kila mahali, na mwendo wake ni sentimita 4.76 kwa sekunde, Mombasa hata Osaka.

Na uwazi huo uliibadilisha pwani yetu. Siti binti Saad, aliporekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1928, ilimbidi avuke bahari hadi Bombay, kwa kuwa mitambo ilikuwa huko. Baadaye Mombasa ikapata wenyewe: Assanand na lebo yao ya Mzuri wakitoa santuri mjini hapa hapa. Lakini santuri bado ilihitaji kiwanda. Kaseti haikuhitaji. Duka kama Mbwana Radio liliweza kuwarekodi waimbaji wa taarabu na kutoa nakala nyuma ya kaunta, na kijana wa Kibokoni aliweza kumweka mamake sebuleni na kubonyeza vitufe viwili vyekundu na vyeusi kwa pamoja. Pasingekuwa na kipimo cha wote, pasingekuwa na kanda ya 17.

Jibu la pili ni kwamba visanduku vya sauti navyo vilipata kipimo cha wote, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 1998 yalitokea mambo mawili. Waliotengeneza USB walitoa maelezo ya hadharani ya jinsi chombo chochote cha sauti kinavyopaswa kujieleza kwa kompyuta: nina njia ngapi, napima mara ngapi kwa sekunde, namba zangu zina urefu gani. Chombo kinachofuata maelezo hayo hakihitaji draiva ya kampuni. Draiva moja yawatosha wote. Mwaka huo huo Jaroslav Kysela, ambaye hakuridhika na jinsi Linux ilivyoiendesha kadi yake ya Gravis Ultrasound, alianza kuandika mfumo mpya wa sauti, ALSA. Kufikia Desemba 2003, toleo la 2.6 lilipotoka, ALSA ndio ilikuwa njia kuu ya sauti katika Linux.

Toleo la pili la kipimo cha USB lilitoka 2006, lenye nafasi ya njia nyingi zaidi. Linux ililipokea karibu 2010. Windows haikuwa na draiva yake ya ndani hadi 2017, ndiyo maana kwa miaka mingi kila kampuni iliendelea kutengeneza mkalimani wake. Na kilichowasukuma wengi waache siri si sisi watu wa Linux; tulikuwa wachache mno. Ilikuwa iPad, iliyotoka 2010. Haikukubali draiva ya mtu: chombo kifuate kipimo au kibaki dukani. Kampuni zikafuata, nasi tukala karamu ya harusi tusiyoalikwa.

Mara ya pili, basi, nilikwenda dukani na maswali yangu. Nayaweka hapa, huenda nawe una bati chini ya kitanda cha mtu.

La kwanza: je, kisanduku hiki kinafanya kazi kwenye simu au iPad bila kuweka programu yoyote? Muuzaji huenda asijue lolote kuhusu Linux, lakini swali hili analijua, na jibu la "ndiyo" karibu kila mara linatufaa na sisi. Baadhi ya vyombo, kama vile vya RME, vina hali mbili, ile ya kampuni na ile ya kipimo cha wote, na huna budi kubadilisha mwenyewe.

La pili: vidhibiti viko wapi? Vikiwa ni vifundo vya kuzungusha kwa vidole, ni vyako. Vikiwa ndani ya programu ya kampuni, sauti inaweza kupita nawe usiweze kuipunguza.

La tatu: je, lipo tundu la laini? Deki hutoa umeme mkubwa kuliko maikrofoni. Ukiupitisha kwenye tundu la maikrofoni sauti huchubuka, na mchubuko huo hautoki tena. Kama unapanga pia kuwarekodi wazee walio hai, jambo ambalo nakuomba ulifanye kabla ya kanda zote, hakikisha kina volti 48 za kuendesha maikrofoni nzuri.

La nne: ukiuziwa cha zamani cha FireWire kwa bei ya chini, usikicheke. Takashi Sakamoto ameahidi kuitunza FireWire ndani ya Linux hadi 2029. Lakini laptopu za sasa hazina tundu hilo, kwa hivyo angalia yako kwanza.

La tano, na ndilo lililonigharimu: chomeka kabla ya kulipa. Usitosheke na orodha ya USB, maana hiyo yaonyesha tu kwamba mgeni amebisha hodi. Andika arecord -l. Jina likitokea hapo, rekodi dakika moja, vaa hedifoni, sikiliza.

Watu watakusumbua kuhusu ucheleweshaji, ule muda kati ya kuimba na kujisikia. Kwa mwanamuziki ni jambo kubwa: sampuli 256 kwa kipimo cha 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 5 na ushei, na uwezo wa Linux kutimiza ahadi kama hizo pasipo kukwama uliingizwa rasmi katika toleo la 6.12 mwaka 2024, baada ya kazi ya takriban miaka 20. Kwa kanda haina maana. Nyanya hana haraka.

Nilirudi na kisanduku kidogo cha njia mbili, chepesi hadi mjomba akauliza kama ndani mna kitu. Fundi wa redio alibadilisha mpira wa deki, akasafisha kichwa chake kwa spiriti. Nilijaribu kwanza kanda za taarabu ambazo zapatikana kwingine, nikajifunza viwango. Kwa kanda ya alama nyekundu nilichagua biti 24 na vipimo 96,000 kwa sekunde, kama wanavyoshauri watu wa makavazi ya sauti. Kanda ya dakika 90 hula gigabaiti 3 na kidogo. Nikangoja usiku, baada ya isha, bodaboda zilipopungua.

Upande wa kwanza alikuwa nyanya. Sauti yake ya miaka ile, si ile ya kitandani. Alitaja kisima na mbuyu uliokuwa karibu nacho. Alisema mamake alimhadithia kwamba waliohama walihamisha milango yao pamoja na vitasa, lakini Ijumaa walirudi na vifagio kwa ajili ya makaburi. Nyuma yake ilisikika honi ya meli. "Yaita," akasema, akacheka, akaendelea. Kisha katikati ya sentensi, alipokuwa akimtaja mwanamke aliyekataa kuhama, utepe ukesha.

Niligeuza. Upande wa pili ulianza kwa kelele za uwanja na mtangazaji anayepiga mayowe.

Mjomba alifunika uso. Desemba 1987, Gor Mahia na Espérance ya Tunis, fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Nchi nzima ilikuwa kwenye redio. Kule Tunis ilikuwa 2-2, Nairobi 1-1, na kombe likaja Kenya kwa mabao ya ugenini. Kijana alitafuta kanda ya kurekodia, akaichukua iliyokuwa karibu.

"Nimeijua miaka yote hii," akasema. "Sikuweza kukwambia."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimemlaumu mwenye draiva, nimewasoma Wajapani na Waingereza, na kumbe robo tatu ya saa ya nyanya ilipotelea sebuleni kwetu. Nikaacha deki iendelee, kwa kuwa nilishaanza na kwa kuwa sikutaka kumtazama. Tukaisikiliza mechi. Filimbi ya mwisho, vigelegele, mtangazaji akilia. Halafu mlio mfupi, kitufe kimebonyezwa, na sauti ya mwanamke ikatokea katikati ya neno.

Mjomba alikuwa amezima redio kabla utepe haujesha. Chini ya Gor zilibaki dakika nne.

Alikuwa keshamaliza habari ya yule aliyekataa. Alikuwa akihesabu majina ya nyumba, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetembea kwenye kichochoro na kugusa kila mlango. Mjomba aliondoa mikono usoni akaanza kuyataja pamoja naye, polepole, mengine akimtangulia. Mwishoni nyanya akauliza, "Washaandika?" na kijana wa 1987 akajibu kutoka mbali, "Naam, mama."

Kazi ile niliihifadhi kwa FLAC, mtindo ulio wazi tangu 2001 ambao yeyote anaweza kuuandikia programu ya kuusoma. Nakala moja iko kwangu, ya pili kwa mama mdogo Malindi, ya tatu kwa mjomba, kwenye kijiti cha USB kilichofungwa ndani ya leso ile ile. Kisanduku cha kwanza hakijatupwa. Kinashikilia mlango wa roshani upepo wa kusi ukivuma.